Mwaka mpya wa kwanza Dubai: nitoke au nilale?

Wasomaji wangu, habari za siku. Mwezi huu barua nyingi zimetoka Uarabuni na karibu zote zinauliza kitu kimoja, usiku wa kuamkia mwaka mpya mtu aliye mbali na kwao aufanyeje. Mimi nilifanya kazi Dubai miaka sita kabla sijarudi Dar, kwa hiyo haya naongea kwa niliyoyaona. Nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake wapo wengi.

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni binti wa miaka 26, natokea Tanga, nina miezi saba hapa Dubai, nafanya usafi hotelini. Naishi mtaa wa Deira kwenye bedspesi, yaani nimekodi kitanda tu, tupo sita chumbani, Wakenya wawili, Mganda mmoja, Wafilipino wawili na mimi. Tarehe 31 nina ofu, kesho yake naingia kazini saa nane mchana. Wenzangu wanataka tukachukue meza kwenye mgahawa mmoja karibu na Burj Khalifa, kila mtu atoe dirhamu 1,200. Mshahara wangu ni 1,800 na kila mwezi mama namtumia 700. Mmoja kasema atanikopesha. Nikikataa wataniona mshamba, nikibaki chumbani najua nitalia tu maana kwetu usiku ule tunakaaga wote uani kwa bibi mpaka kuche. Alafu naogopa sheria za huku, nasikia watu wanakamatwa. Na mama nitampigiaje saa sita ikigonga? Nishauri dada yangu. *Binti wa Tanga, Deira*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Toka. Nakuambia hilo kwanza kabla ya yote kwa sababu mwaka wangu wa kwanza mimi nilibaki. Nilijifunika blanketi, AC inanguruma juu ya kichwa, nikasikia fataki kwa mbali dirisha linatetemeka kidogo, nikafungua simu nikaona kwetu bado saa tano, wamekaa barazani wanacheka, na chumba kizima sina hata wa kumwambia heri ya mwaka mpya. Usiku ule ulinikaa moyoni mpaka Februari. Kwa hiyo suala la kutoka tumelimaliza, sasa tuongelee pesa na njia ya kurudi.

Hiyo meza achana nayo. Dirhamu 1,200 kwenye mshahara wa 1,800 ni theluthi mbili, mama akishapata 700 zake ushakuwa kwenye deni kabla hujanunua hata sabuni, na deni la mwenzio wa chumbani ni baya kuliko la duka, maana kila asubuhi mnapishana bafuni na kila asubuhi linakutazama. Waambie hivi bila kuzunguka, "meza siiwezi ila kutoka natoka, tukaangalie wapi?" Nakuhakikishia kati ya hao watano yupo mwingine alikuwa anatafuta mtu wa kusema hivyo. Na kama wote wanazo na wanataka kwenda, waache waende kwa amani, wewe tafuta mmoja au wawili wa kazini kwenu. Peke yako usitoke.

Burj Khalifa yenyewe nilienda mwaka wa pili, na nitakusimulia maana kila mgeni anatamani pale. Ni mnara wa mita 828, kwa hiyo hata ukiwa mbali unauona, hilo liweke akilini. Sisi tulikuwa watatu, mimi na Waganda wawili, tukafika saa kumi jioni kwa sababu stesheni ya metro ya Burj Khalifa/Dubai Mall usiku ule huwa wanaifunga mapema, kama saa kumi na moja hivi au hata kabla watu wakijaa. Barabara za pale nazo zinafungwa. Polisi wanawapanga watu, kuna upande wa familia na upande wa wanaume waliokuja peke yao, na ukishaingia sehemu yako kutoka ni shughuli. Tukasimama masaa nane. Nane! Choo foleni, maji tuliyobeba yaliisha magharibi, mimi nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino vya kuazima na kufikia saa tatu nimevishika mkononi nimesimama na soksi. Saa sita mnara ukawaka kuanzia chini mpaka juu, siwezi kusema uongo, ni kitu kizuri ajabu, watu wanapiga kelele kwa lugha zote, dakika chache baadae moshi unasogea juu ya vichwa na kila mtu anageuka kutafuta njia ya kutoka.

Ila kilichobaki kwangu hakikuwa mnara. Tulikuwa kwenye foleni ya metro ya stesheni ya jirani, kule nyuma, watu wamebanana wamechoka, watoto wamelala mabegani, simu yangu ishazima. Ghafla kaka mmoja mbele, sijui wa wapi, akaangalia saa yake akasema kwa sauti, "jamani nyumbani bado dakika moja!" Maana Dubai iko mbele yetu saa moja, saa saba yao ndo saa sita yetu. Basi tukaanza kuhesabu, kumi, tisa, nane, nikasikia sauti zinaitikia kutoka sehemu ambazo sikujua kuna mtu wetu, dada mmoja wa usafi amevaa yunifomu yake, vijana wa Mombasa, mama mmoja amebeba mtoto, tatu, mbili, moja, na mtu akapiga vigelegele pale pale ndani ya foleni ya metro ya Dubai. Wafilipino na Wahindi waliotuzunguka wakashangaa kisha wakaanza kutupigia makofi. Nililia mdogo wangu, lakini kilio kile hakikufanana na kile cha chini ya blanketi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usiku wako upange kuizunguka saa saba, sio saa sita. Saa sita ya Dubai tazama fataki, furahi. Saa saba uwe mahali pametulia kidogo, simu ina chaji, uongee na mama wakati na yeye yuko ndani ya saa sita yake. Na usitegemee kupiga kwa WhatsApp, si unajua kule meseji na sauti za kurekodi zinaenda ila simu zenyewe zimezuiwa. Wengi wanatumia Botim, programu nyingine ya kupigiana simu, na inabidi iwe kwenye simu zote mbili, kwa hiyo mwambie mdogo wako aipakue kwenye simu ya mama wiki moja kabla na mjaribu, usisubiri usiku wenyewe ndo uanze kumfundisha mama kubonyeza. Dakika tano kabla mtandao huwa mzito, piga mapema kidogo alafu kaeni hewani mpaka igonge.

Sasa mahali. Wewe uko Deira, ukae huko huko kwenye maji, mbona una bahati na hujui. Vuka kreki, ule mkono wa bahari unaokata mji, kwa abra, ile boti ya mbao, dirhamu moja tu, unashukia upande wa Bur Dubai, unatembea pembeni ya maji kupita zile nyumba za zamani za Al Fahidi mpaka Al Seef. Miaka mingi pale Al Seef wanapiga fataki za bure, watu wanakaa ukingoni na watoto wao, upepo wa baridi wa Desemba unapita, beba sweta. Festival City nayo huwa wanapiga, ila kutoka kwako ni mbali zaidi. Angalia tangazo la mwaka huu siku mbili tatu kabla, maana sehemu hubadilika. Mkitaka lazima muuone mnara, nendeni mtaa wa Satwa, uko wima mbele yenu na hamna cha kulipia, ila tafuteni sehemu mapema kabla watu hawajajaa.

Chakula kuleni kabla ya kutoka. Pale Naif, huko huko Deira, kuna biriani za Wapakistani sahani moja wanashiba wawili, alafu mkiwa kwenye maji chai ya karaki ni dirhamu moja au mbili kikombe. Mimi na wenzangu miaka ya mwisho tulikuwa tunapika pilau saa tisa mchana, tunaifunga kwenye foili ikiwa ya moto, tunabeba na kachumbari kwenye kopo la aiskrimu, tunakula tumekaa kwenye ngazi za kreki tunaangalia boti. Iliki na karafuu inanukia mpaka watu wanageuka. Wale wenzako Wafilipino nao watakuja na pansiti, zile tambi zao, mtakula vyote. Usiku mzima wa namna hiyo hautafika dirhamu 40 na nauli ikiwemo.

Nauli yenyewe ndo hii, ukitumia nol ya silva, ile kadi ya kulipia usafiri, ndani ya zoni moja (mji umegawanywa zoni) ni dirhamu 3, zoni mbili 5, zaidi ya hapo 7 na nusu. Jaza ya kwenda na kurudi mchana, usiku mashine zina foleni ndefu. Metro kwa miaka ya karibuni usiku ule haifungi, inatembea mpaka asubuhi. Behewa la wanawake na watoto lina alama ya pinki, panda hilo. Ndani ya metro usile wala usinywe hata maji, ni faini ya dirhamu 100, na nimeona watu wakiandikiwa. Ukichelewa sana zipo teksi za paa la pinki zinazoendeshwa na wanawake, ni za wanawake na familia. Na kabla hamjatoka kubalianeni sehemu moja ya kukutana mkipotezana, iwe mlango wa stesheni fulani, na saa ya kuondoka. Pawabenki moja kwa watu watatu inatosha.

Kuhusu polisi usiogope mdogo wangu, ukijua mipaka hakuna anayekugusa. Beba kitambulisho chako cha Emirates, yaani kile cha mkazi wa Falme za Kiarabu. Pombe kwa Dubai ni kuanzia miaka 21 na ni kwenye sehemu zenye leseni, mara nyingi ndani ya hoteli na klabu, barabarani na ufukweni hapana, na ukilewa ukafanya fujo hadharani hiyo ni kesi. Mkialikwa Sharjah, mji wa jirani, jueni kule pombe hairuhusiwi kabisa. Anayeendesha gari asionje hata kidogo. Na usimpige picha mtu usiyemjua ukaiweka mtandaoni, kule picha ya mtu bila ruhusa yake inaweza kukupeleka mahakamani. Jipige wewe na wenzako na fataki zenu.

Kitu kimoja zaidi na hiki nakiandika kwa msisitizo. Mwezi wa kumi na mbili mabinti mnaanza kupata meseji, kuna pati kwenye boti, kuna pati kwenye vila, usafiri upo, unalipwa ukija tu ukae upendeze. Usiende. Hata kama aliyekutumia ni Mtanzania mwenzio na anakuita mdogo wangu kama mimi ninavyokuita. Mtu anayekulipa uje kwenye sherehe yake ana anachokitaka, na boti ikishaondoka gatini wewe huna mlango wa kutokea. Nimewahi kukaa usiku kucha na binti aliyerudi kutoka kwenye pati ya hivyo, sitasimulia.

Na kama moyo wako uko kanisani, usiku wa tarehe 31 kuna ibada kule Oud Metha, Mtakatifu Maria ya Wakatoliki na Holy Trinity ziko karibu karibu, shuka stesheni ya Oud Metha. Wahi, maana watu wanajaa mpaka uani. Ukitoka ibadani unaweza kwenda zako kwenye maji.

SWALI: Dada hujambo. Mimi ni mwanamume wa miaka 34 kutoka Likoni, ni mlinzi kwa jengo moja hapa Dubai, huu utakuwa mwaka wa tatu nafanya usiku wa tarehe 31 kuingia mosi, masaa kumi na mbili nimesimama getini wengine wakisherehekea. Nikiuliza malipo ya sikukuu naambiwa ndio kazi ilivyo. Je kuna haki yangu hapo? Na nifanye nini ili usiku usinipite hivi hivi? *Soja wa Likoni*

JIBU: Sijambo kaka, pole na kazi. Haki ipo. Tarehe 31 Desemba ni siku ya kazi kama nyingine ila Januari mosi ni sikukuu ya serikali. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inasema ukifanyishwa kazi siku ya sikukuu unapewa siku nyingine ya kupumzika badala yake, au unalipwa ile siku pamoja na nyongeza isiyopungua asilimia 50 ya mshahara wa msingi wa siku hiyo. Kwa hiyo jibu la "ndio kazi ilivyo" halitoshi. Andika masaa yako mwenyewe kwenye daftari, tarehe na saa ya kuingia na kutoka, piga picha rosta ikibandikwa, alafu muulize msimamizi kwa maandishi, kwa meseji ya kawaida yenye adabu, "siku yangu ya badala ni lini?" Uliza swali hilo hilo, maana siku ya mapumziko makampuni yanaitoa kirahisi kuliko pesa. Usipojibiwa, wizara ya kazi ya kule inapokea malalamiko kwa simu na kwa programu yao ya simu, na kulalamika hakulipiwi.

Kuhusu usiku wenyewe, kaka, pale saluni nilipofanya kazi chini kulikuwa na mlinzi mzee wa Kinepali, na mwaka mmoja tulipokuwa tunatoka tukamuachia chupa ya chai ya tangawizi na maandazi manne kwenye karatasi. Kesho yake alisimama kwenye lifti akatushika mkono mmoja mmoja, alisema ni mara ya kwanza tangu aje. Sasa wewe umekaa miaka mitatu, unawajua wenzako wa magorofa ya jirani. Pangeni nyinyi wenyewe, mmoja alete chai, mwingine viazi karai, mpokezane dakika kumi kumi getini. Na wewe msomaji unayetoka kusherehekea, ukipita kwa mlinzi, mwachie kitu na umwite jina.

Alafu kaka, ukipata ile siku ya badala, usiilale yote. Iwe ndo mwaka mpya wako. Jioni nenda kreki, kula, mpigie mkeo na watoto ukiwa umevaa nguo zako na sio yunifomu, wakuone hivyo.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa Moshi. Binti yangu yuko Dubai anafanya kazi za ndani, mwaka wa pili sasa. Waajiri wake sio wabaya ila usiku wa mwaka mpya wanakuwa na wageni wengi na yeye hatoki, mwaka jana alinipigia saa tisa usiku analia nami nikakosa la kusema. Nimfanyieje mwaka huu nikiwa huku? *Mama yake*

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza asante kwa kuuliza swali hili, maana wengi wanaouliza ni wale wanaotoka, na hawa wa ndani ya nyumba wanasahaulika.

Kuna jambo la kumwambia binti mapema, mwanzoni mwa Desemba. Wafanyakazi wa ndani kule wana sheria yao ya mwaka 2022, inawapa siku moja ya mapumziko kila wiki yenye malipo, na kila siku masaa yasiyopungua 12 ya kupumzika, nane kati ya hayo yawe mfululizo. Usiku wa wageni hautakuwa wake, sawa, lakini aombe mapema kwamba siku yake ya wiki ile iwe mara tu baada ya mosi, na amuombe mama wa nyumba wakati wametulia wawili, asisubiri siku jikoni kumejaa sufuria. Kama waajiri ni watu wazuri kama unavyosema watampa. Fataki zitakuwa zimeisha lakini abra ipo, marafiki wapo, na yeye atakuwa ametoka.

Wewe mama usiku ule usimuulize habari za pesa wala lini anarudi. Najua yapo moyoni, yaweke mpaka tarehe tatu. Na usisubiri apige yeye saa tisa akiwa ameshachoka, mtangulie. Mkiwa kwenye mkesha kanisani mwambie kijana yeyote mwenye simu arekodi kwaya dakika mbili, na baada ya saa sita mkitoka nje rekodi watu wote mnavyosalimiana, shangazi, watoto, jirani anayecheka kwa sauti, hata mbwa akibweka acha, kila mtu ataje jina la binti aseme heri ya mwaka mpya. Sauti ya kurekodi ya WhatsApp inafika kule bila shida. Atakuwa jikoni anaosha vyombo vya wageni, ataiweka simu juu ya kabati karibu na sinki, ataisikiliza mara ya kwanza na atairudia mpaka sahani ziishe.